Tanga, Moshi na Jua: Safari za Pwani Yetu

Msomaji, chukua ramani ya Kenya, uweke kidole chako juu ya Vanga, mji mdogo ulio jirani na mpaka wa Tanzania, kisha ukipandishe polepole kwa kuufuata ukingo wa bahari. Utapita Shimoni, Gazi na Likoni. Utavuka mlango wa bahari wa Kilindini. Utafika Mtwapa, Kilifi, Watamu na Malindi. Utavuka mto Sabaki na mto Tana. Utaviona visiwa vya Lamu, Manda na Pate. Na mwisho utasimama Kiunga, karibu na mpaka wa Somalia. Kidole chako kimekwisha safari hiyo kwa dakika moja. Walakini mkulima mwenye magunia ya mahindi, mvuvi mwenye samaki wanaotaka kuharibika, mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu, na mwanafunzi mwenye sanduku lake la bweni, hawasafiri kwa kidole. Kwao wao umbali si mstari katika karatasi. Ni nauli, ni saa, na mara nyingine ni uhai.

Kila zama katika pwani hii zimekuwa na chombo chake, na kila chombo kimekuwa na gharama yake. Gharama nyingine hulipwa kwa fedha. Nyingine hulipwa kwa jasho la watu, au kwa hewa, au kwa bahari yenyewe. Siku hizi watu wengi wasema kuwa hatuna budi kupata vyombo vya umma visivyotoa moshi. Neno hili ni la kweli, lakini wenye kulisema aghalabu hunena kana kwamba jambo lenyewe ni jipya. Nataka uniandame katika historia, tuone jinsi watu wa pwani walivyosafiri, walipata nini na walipoteza nini, ili tuweze kuwaza kwa akili jinsi watakavyosafiri kesho.

Tuanze na bahari, maana bahari ndiyo iliyokuwa njia kuu ya kwanza. Mwenyezi Mungu aliipa pwani hii pepo mbili zenye zamu. Kaskazi huvuma kuanzia mwisho wa mwaka hata mwezi wa Machi, ikileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi hushika zamu yake toka Aprili hata Septemba hivi, ikivirudisha vyombo vilikotoka. Kitabu kimoja cha Kiyunani kilichoandikwa katika karne ya 1, kuwaongoza mabaharia na wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi, chazitaja bandari za pwani ya Afrika ya Mashariki, na chavitaja vyombo vilivyoshonwa. Ndivyo tunavyojua kwamba mambo haya yana umri wa karibu miaka 2,000.

Chombo mashuhuri cha namna hiyo kiliitwa mtepe. Mbao zake hazikupigiliwa misumari. Zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Mafundi wa visiwa vya Lamu walijulikana sana kwa kazi hiyo, na mitepe ya mwisho ilikoma katika karne ya 20. Itazame mitepe hiyo kwa macho ya leo. Mbao zilitoka msituni, kamba zilitoka mnazini, tanga lilitoka mkinduni au mvumoni, na nguvu ya kuendea ilitoka mbinguni. Chombo kilipochakaa kilirudi mchangani, hakikuacha nyuma yake chuma wala mafuta. Hakuna mtu wa leo aliyepata kubuni chombo cha safari kilicho safi kuliko hicho.

Wala usidhani vyombo hivi vilichukua mali ya matajiri tu. Ibn Battuta, msafiri wa Kiafrika kutoka Tangier, aliyefika Mombasa mwaka 1331, aliandika kuwa watu wa kisiwa hicho hawakulima nafaka, bali waliletewa chakula kutoka pwani ya bara. Basi kila siku watu wa Mombasa walipokula, walikula kwa sababu ya dau na mashua. Na Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498, hakuivuka bahari hata Bara Hindi kwa ujuzi wake peke yake. Alipewa rubani aliyezijua nyota na pepo. Elimu ya kusafiri bila moshi ilikuwa ya watu wa bahari hii, na wageni waliikuta imekomaa.

Huko ndani ya visiwa na mashamba, miguu ya watu na ya punda ilimaliza kazi iliyoanzwa na tanga. Vichochoro vya mji wa Lamu vilijengwa kwa kipimo cha mtu na punda, wala si cha gari. Na hata siku hizi, ingawa pikipiki na magari machache yameingia kisiwani, punda angali mchukuzi wa mawe, mchanga, maji na magunia. Penye mito, mitumbwi ilifanya kazi. Katika karne ya 19 watu wa pande za Witu walichimba mfereji wa Belezoni, kuuunganisha mto Tana na mto Ozi, ili mitumbwi yenye mazao ipate njia fupi ya kufika baharini. Na baadaye Tana wenyewe ukaifuata njia hiyo hata Kipini. Fikiri, msomaji: jembe la mkono la watu wa pwani liliugeuza mto mkubwa kuliko yote ya Kenya, kwa sababu ya haja ya usafiri.

Lakini mwanahistoria asiyesema ila mazuri si mwanahistoria, ni mshairi wa harusi. Safari za kale zilikuwa safi kwa hewa, hazikuwa safi kwa haki. Upepo una saa zake, wala haungoji mgonjwa. Nahodha aliyechelewa kaskazi alikaa ugenini hata mwaka mwingine, na katika majira ya maleleji, pepo zinapobadilishana zamu, vyombo vilikaa bandarini vikingoja. Na vyombo vile vile vilivyochukua boriti za mikoko na nafaka, vilichukua pia wanadamu waliotiwa utumwani. Barani mambo hayakuwa mepesi zaidi. Mbung'o waliwaua ng'ombe na farasi katika nyika, kwa hivyo mizigo ya misafara ilikwenda juu ya vichwa na mabega ya wapagazi, kila mtu mzigo wa kilo 30 hivi, mwezi baada ya mwezi. Ukisikia mtu akisifu usafiri wa zamani kwa kuwa haukuwa na moshi, muulize: Nani aliyebeba mzigo? Swali hilo tulishike vizuri, maana litatufaa mbele.

Kisha likaja gari la moshi. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896. Ulifika Nairobi mwaka 1899, na ukafika ukingo wa ziwa Victoria, pale panapoitwa Kisumu, mwaka 1901. Watu zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuifanya kazi hiyo, na wengi wao walikufa kwa maradhi na ajali. Injini zake zilikula kuni, kisha makaa ya mawe, na baadaye mafuta. Safari iliyowachukua wapagazi miezi sasa ilikwisha kwa siku chache, na hapana shaka kwamba mzigo mkubwa uliondolewa vichwani mwa watu.

Hata hivyo, angalia tena ramani yako. Reli ilitoka Mombasa ikaipa pwani mgongo. Haikwenda Malindi wala Lamu. Haikwenda Kwale wala Vanga. Ilijengwa ili kuifikia Uganda na ziwa, na pwani ikawa mlango wa kupitia tu. Bandari ndogo ambazo kwa karne nyingi zilifanya biashara zake zenyewe na Arabuni na Bara Hindi ziliona biashara hiyo ikipungua, na Mombasa peke yake ikanenepa. Hili ni somo la kwanza la historia yetu: njia mpya huwakaribisha wengine na kuwaweka wengine mbali, hata kama hao wengine hawakuondoka mahali walipozaliwa. Na miaka zaidi ya 100 baadaye, reli mpya ya kwenda Nairobi ilipofunguliwa mwaka 2017, nayo ilianzia Mombasa ikaelekea bara, na injini zake zikawa za dizeli.

Mjini Mombasa kwenyewe, miaka ile ya mwanzo, palikuwa na namna ya usafiri ambayo wengi wameisahau. Reli nyembamba zilitandikwa barabarani, na juu yake vilipita vigari vidogo vyenye viti na paa, vikisukumwa na wanaume waliokimbia nyuma yake. Aliyekaa alipata upepo na kivuli. Aliyesukuma alipata jua na jasho. Vigari hivyo havikutoa moshi hata kidogo. Je, utaviita usafiri bora? Sidhani utathubutu.

Magari ya mafuta yalipokuja, barabara zilikutana na maji. Pwani yetu imekatwakatwa na hori za bahari, na kila hori ilitaka daraja au kivuko. Daraja la Nyali lililoelea juu ya maji lilifunguliwa mwaka 1931, na la sasa likachukua nafasi yake mwaka 1980. Kivuko cha Likoni kilianza mwaka 1937. Katika Mtwapa, zama za ukoloni, pantoni ilivutwa kwa minyororo na wanaume walioimba ili wavute kwa pamoja. Kilifi ilingoja daraja lake hata mwaka 1991; kabla ya hapo msafiri wa Malindi alikaa kwenye foleni ya feri, akila korosho na kutazama maji.

Mabasi yalizidi, na pamoja nayo yakaja magari madogo yaliyoitwa matatu, jina lililotokana na nauli ya mapeni matatu, yaani senti 30. Mwaka 1973 serikali ya Mzee Jomo Kenyatta iliyaruhusu kuchukua abiria bila leseni maalumu. Kisha zikaja bodaboda. Jina lake lilianza mpakani mwa Kenya na Uganda, kwa baiskeli zilizochukua watu kutoka mpaka mmoja hata wa pili. Lakini baada ya ushuru wa pikipiki ndogo kuondolewa, mwaka 2008 hivi, pikipiki zilienea nchini kama moto wa nyika. Leo zimefika vijiji vya Ganze, Magarini, Kinango na Lunga Lunga, mahali ambapo basi halijapata kupita.

Tusiyadharau mambo hayo. Mama wa kijijini ambaye zamani angalibebwa kwa kitanda hata hospitali, leo huitiwa bodaboda usiku. Maelfu ya vijana wamepata riziki. Mtoto aliyekuwa akitembea kilomita 10 kwenda shule hupata lifti siku za mvua. Mtu asemaye kuwa moshi wa magari ni mbaya, asisahau kuwa kuachwa njiani ni kubaya zaidi.

Wala tusiisahau siku ya tarehe 29 Aprili 1994. Asubuhi hiyo feri ya Mtongwe, iliyokuwa imejaza watu kupita kiasi, ilipinduka katika maji ya Kilindini, na watu 272 wakafa. Wengi wao walikuwa watu wa kawaida waliokuwa wakienda kutafuta chakula cha watoto wao. Msiba huo watufundisha somo la pili: kazi ya kwanza ya chombo cha umma ni kumrudisha msafiri kwao akiwa hai. Chombo kisichotoa moshi lakini kilichojazwa kupita kiasi, au kisichokaguliwa, hakistahili kusifiwa kwa lolote.

Sasa tuutazame huo moshi wenyewe, tuone kwa nini watu waulalamikia. Lita moja ya petroli ina uzito wa karibu robo tatu za kilo. Ikiungua, huzaa hewa ya ukaa yenye uzito wa kilo 2.3 hivi. Usishangae kuwa mtoto amekuwa mzito kuliko mama. Kaboni iliyo ndani ya petroli hujishika na oksijeni iliyo hewani, na uzito wa oksijeni huongezeka juu yake. Tuseme pikipiki moja hutumia lita 3 kwa siku, na hufanya kazi siku 300 kwa mwaka. Hizo ni lita 900. Zidisha kwa 2.3, utapata zaidi ya kilo 2,000, yaani tani 2 za hewa ya ukaa kutoka pikipiki moja. Hewa hiyo hulifunika anga kama blanketi, na joto la dunia huzidi.

Pwani imekwisha kuonja matunda ya joto hilo. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kawaida, na matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yalipauka na kufa, na matumbawe ndiyo nyumba ya samaki na ngao ya ufuo. Mwishoni mwa mwaka 2023 mvua kubwa ziliufanya mto Tana kufurika, na barabara ya kutoka Garsen kwenda Lamu ikakatwa na maji. Ni kweli kwamba dhambi kubwa ya kuichafua anga si ya Kenya. Nchi tajiri zenye viwanda zimetoa moshi mwingi zaidi kwa muda mrefu zaidi, na haki yataka zibebe mzigo mkubwa zaidi. Lakini kuna sababu nyingine inayotuhusu sisi wenyewe, nayo ni mfuko. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe kiliacha kazi hiyo mwaka 2013, na tangu hapo mafuta yote yaliyosafishwa tunayotumia hununuliwa ng'ambo. Vita vikizuka mbali, au bei ikipanda katika soko la dunia, nauli ya kutoka Mpeketoni au Msambweni hupanda, ingawa huko hakuna aliyefanya kosa lolote. Safari ya maskini imefungwa kamba, na ncha ya kamba hiyo imeshikwa na mkono asioujua.

Hapa ndipo historia inapogeuza tanga. Kwa karne nyingi kasoro ya upepo na jua ilikuwa moja: haviwekeki. Huwezi kuujaza upepo wa leo katika gunia uutumie wiki ijayo. Siku hizi yawezekana, kwa njia ya umeme na betri. Na katika jambo hili Kenya haikuachwa nyuma. Mtambo wa kwanza wa umeme wa jotoardhi wa Olkaria ulianza kazi mwaka 1981. Kule Marsabit, karibu na ziwa Turkana, vinu 365 vya upepo vina uwezo wa kutoa megawati 310. Ukijumlisha jotoardhi, maporomoko ya maji, upepo na jua, utaona kuwa karibu sehemu tisa kwa kumi za umeme unaozalishwa nchini hazitokani na mafuta. Maana yake ni kuwa gari la umeme likitembea Kenya, moshi wake haukuhamishiwa kwenye bomba la kiwanda mahali pengine, kama ilivyo katika nchi zinazochoma makaa. Tena injini ya petroli hupoteza kwa joto zaidi ya theluthi mbili za nguvu inayolishwa, ilhali mota nzuri ya umeme yaweza kugeuza karibu sehemu tisa kwa kumi kuwa mwendo. Mwaka 2023 serikali ilizindua mpango wa taifa wa vyombo vya umeme, na pikipiki na mabasi ya namna hiyo yamekwisha kuonekana katika miji mikubwa. Swali letu ni la vijiji: je, mara hii pia pwani ya mashamba itapewa mgongo?

Basi na tuwaze, maana kuwaza ni kazi ya halali ya kijana. Waza kwanza barabara kuu ya kutoka Mombasa hata Malindi, mwendo wa kilomita 120 hivi. Hapo pafaa mabasi makubwa yenye saa maalumu za kuondoka na kufika. Hata kabla ya kuzungumza juu ya umeme, basi lenyewe ni chombo cha kuhifadhi hewa. Tuseme basi la dizeli hutumia lita 36 katika safari hiyo likiwa na watu 40: kila mtu ametumia chini ya lita moja. Mtu aendaye peke yake katika gari lake dogo hutumia lita 10 hivi. Basi likiwa la umeme faida huongezeka. Lakini faida ya kwanza ni kukaa pamoja.

Waza pili njia za vumbi zinazotoka barabara kuu kwenda Ganze, Bamba au Kinango. Huko basi kubwa halina abiria wa kutosha kila saa, na bodaboda zitaendelea kuwa na kazi. Nazo zaweza kuwa za umeme, ikiwa kwenye vituo patakuwa na nyumba ndogo yenye paneli za jua juu ya paa na betri zilizojaa ndani, ili dereva afike na betri tupu aondoke na iliyojaa, kama tunavyobadilisha mtungi wa gesi. Jua la pwani halina uchache. Paneli hizo hizo zaweza kuwasha taa za zahanati na kulipoza jokofu la dawa, na kijiji kikapata faida mbili kwa gharama moja.

Waza tatu bahari. Kati ya Lamu, Manda, Pate, Faza, Kizingitini na Kiunga, njia ya maji ingali njia kuu. Boti za mashine zimechukua nafasi ya tanga kwa kuwa ni za haraka, lakini mafuta yake ni ghali, na huko visiwani hayafiki ila kwa chombo kingine. Boti yenye mota ya umeme, yenye paa la paneli na tanga la akiba, yafaa sana safari fupi za visiwa. Wala mafundi hatuna haja ya kuwatafuta ng'ambo. Wako Lamu na Matondoni, na hawajasahau kazi. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu walikamilisha Flipflopi, jahazi la urefu wa mita 9 lililoundwa kwa takataka za plastiki zilizookotwa ufuoni, na mwaka 2019 lilisafiri kwa tanga kutoka Lamu hata Unguja. Mkono ulioweza kuigeuza ndara iliyotupwa ikawa jahazi hautashindwa kufunga mota katika mashua. Na mwisho, waza vitu vidogo ambavyo wakubwa hupenda kuvisahau: njia salama ya kando ya barabara kwa watembeao na waendeshao baiskeli, kivuli mahali pa kungojea gari, na gati imara ambayo bibi mzee aweza kushukia bila kubebwa mgongoni.

Najua utasema, "Maneno matamu, lakini fedha ziko wapi?" Umeuliza vema. Chombo cha umeme kina bei kubwa siku ya kununuliwa, ingawa hupunguza gharama siku zote za kukitumia. Kwa hivyo kijana wa bodaboda asiye na akiba hawezi kukipata bila mkopo wa haki. Chumvi ya bahari hula nyaya na vyuma, na chombo kilichoundwa kwa nchi kavu kitakufa mapema Lamu. Betri zikichakaa zitakuwa taka za hatari, na hapana budi ijulikane tangu siku ya kwanza ni nani atakayezikusanya. Makanika aliyejifunza injini za petroli kwa miaka 20 astahili kufundishwa kazi mpya, wala asitupwe. Mtu asiyeyataja mambo haya anakuuzia chombo bila kukuonyesha ngama.

Kuna jambo kubwa kuliko fedha, nalo ni ni nani atakayeamua. Palipokusudiwa kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe katika jimbo la Lamu, wananchi walipeleka shauri lao mbele ya Baraza la Mahakama la Mazingira, na mnamo Juni 2019 baraza hilo likaibatilisha leseni ya mtambo huo, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa inavyopasa. Hukumu hiyo yatufaa katika kila mradi, hata ule unaojiita safi. Mradi wa jua unaweza kumnyang'anya mtu shamba lake sawasawa na mradi wa makaa. Usafi wa hewa hauwi kisingizio cha uchafu wa vitendo.

Kwa hivyo, msomaji, kila utakapoletewa habari ya chombo kipya, kipime kwa maswali matatu tuliyoyapata njiani. Swali la kwanza limetoka kwa wapagazi na wasukuma vigari: Nani abebaye mzigo ili mwingine astarehe? La pili limetoka kwa reli: Nani aliyekaribishwa, na nani aliyewekwa mbali? La tatu limetoka Mtongwe: Je, msafiri atarudi kwao salama? Chombo kikiyajibu maswali hayo vema, na tena kikawa hakitoi moshi, hicho ndicho chombo tunachokitafuta. Kikiyakosa, rangi ya kijani iliyopakwa ubavuni mwake si kitu.

Nakuachia kazi moja. Siku moja ya mapumziko, kaa kwenye kituo cha magari au kwenye gati iliyo karibu nawe toka asubuhi hata adhuhuri, uwe na daftari. Andika vyombo vingapi vimepita, vya namna gani, vimechukua watu wangapi, nauli ilikuwa kiasi gani, na nani aliyeachwa kwa kukosa nafasi au fedha. Hesabu hiyo ndogo, ikifanywa na wanafunzi wa shule nyingi kutoka Vanga hata Kiunga, itakuwa na manufaa kwa wakubwa wanaopanga njia kuliko hotuba nyingi, maana haba na haba hujaza kibaba.

Wazee wa bahari walisema kuwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Pwani yetu ilianza safari zake kwa nguvu za mbinguni, ikazunguka kwa kuni, makaa na mafuta, na sasa yaelekea kurudi kwa upepo na jua. Ila tofauti iko: wazee waliungoja upepo, nanyi mwaweza kuuhifadhi. Waliokuwa wakibeba mizigo hawakuulizwa. Nyinyi mwaweza kuuliza. Elimu mliyo nayo ndiyo usukani. Ushikeni mapema, kabla chombo hakijang'oa nanga.